Gari Lililozoea Risasi

Tangu nirudi hapa Juru, kambini kwetu, wanaoniletea baiskeli kuziba tairi hawana haraka tena na tairi zao. Mtu anakaa kwenye benchi, anaangalia mikono yangu ikifanya kazi, halafu anaanza: "Mama Riziki, ni kweli polisi waliwashusha? Ni kweli mlichelewa misa?" Nimesimulia mara nyingi, na kila ninapomaliza, wengine wanakwenda kuongeza chumvi. Jana pale bombani nilisikia kwamba gari liliwaka moto na mimi nikaruka dirishani. Halikuwaka, na kwa mwili huu wangu siruki popote. Kwa hiyo nimekaa chini niandike ilivyokuwa. Mambo ya vibali na karatasi nayaacha, hayana utamu.

Rugaaga, nyumbani kwa Mzee Byaruhanga

Wengi wenu mnajua kwamba mimi ni mekanisie wa baiskeli na bodaboda. Wachache wanajua kwamba kule Uvira, kabla ya vita kututoa, baba yangu alikuwa na garaji, na mimi nilikuwa na mkono mwembamba kuliko wote nyumbani. Bulti ikianguka fasi ambayo mkono wa mtu mzima haufiki, niliitwa mimi. Nimekulia ndani ya motere, yaani injini.

Mzee Byaruhanga wa Rugaaga alilijua hilo kwa bahati. Alikuja Juru kununua maharage, akanikuta nimefungua kabureta ya pikipiki, akasimama akaangalia mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kama naweza kuja kwake kuangalia mgonjwa. Nilidhani anasema ng'ombe.

Alikuwa anasema gari. Lilikuwa chini ya banda nyuma ya shamba la ndizi, limefunikwa turubai, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Gari la Kiingereza, rangi ya maziwa, lenye taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeshangaa. Mzee aliliendesha siku ya harusi yake, wakati huo likiwa la bosi wake, na baadaye akalinunua. Mke wake, ambaye sote tunamwita Mukaka Yudesi, yaani bibi Yudesi, alipelekwa nalo kanisani Mbarara akiwa bibi arusi. Sasa walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na misa ya shukrani ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, kanisa lilelile.

"Mimi nataka tuingie na hii," Mzee aliniambia, mkono juu ya boneti. "Lakini iko shida moja. Hii gari nalikula petroli ya zamani."

Hapa lazima niwaeleze, maana ndipo fujo yote ilipoanzia. Petroli ya zamani ilitiwa risasi kidogo. Si risasi ya bunduki. Nasema yale madini laini ya kijivu, ambayo sisi tuliosoma Kifaransa tunayaita plomb. Ilikuwa sumu kwa watu, hasa kwa watoto, na ndiyo maana nchi moja baada ya nyingine zikaiondoa, na zilifanya vizuri. Lakini kwa motere za kizamani ilikuwa na faida. Ndani ya motere kuna valvu zinazofunguka na kufungwa bila kupumzika, na kila moja inapofungwa inakalia kiti chake cha chuma. Risasi iliacha utando mwembamba juu ya kile kiti. Bila utando, kiti laini kinalika kidogo kidogo, valvu inazama, mwishowe haifungi tena, na motere inakosa nguvu mpaka inakufa. Mtu mmoja msomi alimweleza Mzee hayo petroli ilipobadilishwa. Mzee akaogopa, akaegesha gari, na gari likakaa karibu miaka ishirini.

Nilimwambia ukweli wote. Petroli ya leo haiui kwa siku moja. Tukiendesha polepole, tusiikamue motere milimani, na nikipima valvu njiani, tutafika Mbarara. Na Mbarara kuna mafundi wa mashine wanaoweza kutoa vile viti laini na kuweka vya chuma kigumu, na baada ya hapo gari litakunywa petroli ya kila mtu mpaka lichoke lenyewe.

Wiki nyingi za kazi nazipita: tangi lililojaa kutu, mipira iliyokauka, breki, tairi. Siku nilipoliwasha mara ya kwanza, Mukaka alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Kitu kimoja kilininyima usingizi. Mtoto wao mkubwa, Denis, anayekaa Mbarara, alikuwa amechoka na lile gari. Alipatana na baba yake hivi: likifika Mbarara kwa magurudumu yake yenyewe, hatasema neno tena. Likivutwa na kamba hata kidogo, watu wa vyuma chakavu watalichukua na kulikata. Mzee alikubali mbele yangu. Halafu akanigeukia, akaniangalia tu.

Mlima wa kwenda Isingiro

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mzee kwenye usukani, na hakutaka mtu mwingine aguse. Mimi pembeni yake na boksi la spana miguuni. Mukaka nyuma, na vikapu vya chakula ambavyo vingetosha kwaya nzima. Nilikuwa pia na kichupa cha dawa ya kuchanganya na petroli, ile inayofanya kidogo kazi iliyofanywa na risasi. Dereva mmoja wa lori aliniletea kutoka Kampala, karatasi yake ya jina ilikuwa imebanduka.

Mzee ana umri wake, lakini akikanyaga mafuta anarudi kijana wa miaka ishirini na tano.

"Baba, polepole," nilimwambia.

"Iko polepole."

"Motere inalia, Baba. Inakuomba ubadilishe gia."

Mukaka naye akaingilia kutoka nyuma: "Mpora mpora!" Hilo hata mimi nililielewa. Mzee akabadilisha gia, akanung'unika kwamba sasa ana madereva wawili.

Tambarare ilikuwa starehe. Watu walisimama kwenye mashamba ya mahindi kutuangalia. Bodaboda mmoja alitupita, akageuka, akaturudia ili atupite tena. Kisha ukaja ule mlima kabla ya Isingiro, jua limeshapanda. Tuliupanda kwa gia ya pili. Nusu ya mlima gari likakohoa. Likakohoa tena. Halafu likanyamaza kabisa, na kitu pekee kilichosikika ni kuku wa mtu fulani huko chini.

Mzee alivuta breki ya mkono, akashuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Kisha akasimama mbele ya gari na kuvua kofia yake.

"Imekufa," alisema. "Petroli naua yeye."

Mukaka akashuka akasimama kando yake. Mimi nikasimama upande wa pili, nimeinamisha kichwa kusikiliza kama kuna kitu kinachemka ndani. Ndivyo tulivyokuwa wakati mama mmoja alipotoka kwenye migomba yake, amejifunga kitambaa kiunoni, anatembea taratibu na uso wa huzuni. Akamshika Mzee mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bambi, ssebo, pole baba. Nani amekufa?"

"Gari," akasema Mzee.

Yule mama alitazama gari, akamtazama Mzee aliyeshika kofia kifuani, akaanza kucheka mpaka akaishikilia boneti, nayo ikamchoma, akaruka, akaendelea kucheka. Jina lake ni Peninah. Alikuwa amedhani tumebeba maiti ndani.

Lakini mimi sikucheka. Kama ni valvu, basi ni mimi niliyemwambia Mzee kwamba tutafika, na watu wa vyuma watakuja na misumeno yao kwa sababu ya mdomo wangu. Nikatoa ile hendeli ndefu ya kuzungushia motere kwa mkono. Magari ya siku hizi hayana kitu hiki. Ukizungusha polepole unasikia kwenye kiganja kila silinda ikikaza: hewa inabanwa, inakusukuma, kisha inakuachia. Kama valvu haifungi, mkono unapita bure tu.

Nilizungusha. Ya kwanza ilikaza. Ya pili ilikaza. Ya tatu ilikaza, laini kidogo kuliko wenzake, lakini ilikaza. Ya nne ilikaza.

"Haiyakufa, Baba!" nilipiga kelele. "Supape, hizi valvu, ziko zinafunga! Vaa kofia!"

Nikafungua bomba la petroli pale linapoingia kwenye kabureta. Badala ya petroli ikatoka hewa, ssss, kama nyoka. Hapo nikajua. Petroli ya leo inachemka upesi kuliko ile ya zamani, na bomba la gari hili linapita karibu sana na chuma cha moto. Kwa ule mlima na lile jua, petroli ilikuwa imegeuka mvuke ndani ya bomba. Haikuwa shida ya risasi hata kidogo. Ilikuwa joto tu.

Nilimwomba Peninah maji. Yeye akafikiria zaidi yangu. Alikwenda kwenye mgomba uliokwisha kukatwa, akachuna yale magome mazito yanayoshika maji, akayalowesha, na tukalifunga bomba lote nayo kwa kamba za mgomba wenyewe. Kisha tukangoja lipoe.

Mukaka hakungoja na mikono mitupu. Alitandika kitenge kando ya barabara, akafunua matoke ya moto bado kwenye majani yake, na mchuzi wa karanga. Peninah akaleta bushera, kinywaji cha mtama, kwenye jagi kubwa. Na hapa nikapata aibu yangu ya kwanza. Kwetu, ukiongezewa kitu ukasema "merci, asante" huku umeinua mkono, maana yake umeshiba. Peninah alisikia asante akafurahi, akajaza. Nikanywa kwa heshima. Akaja tena. "Asante, mama." Akajaza. Kikombe cha nne Mzee akanihurumia, akauliza, "Wewe nataka au hapana?"

"Sitaki, Baba! Nimejaa mpaka hapa!"

"Basi sema hapana. Hapa asante ni ndiyo."

Saa moja baadaye Mzee aligeuza ufunguo. Motere ikaguna, ikaguna, ikawaka. Peninah alipiga vigelegele, na majirani zake, ambao kwa wakati huo walikuwa wamefika kama kumi na tano, wakasukuma gari ingawa halikuhitaji kusukumwa. Tuliondoka na mkungu wa ndizi kwenye buti.

Kaberebere

Hatukufika Mbarara siku ile. Kwa kusimama kila mara bomba lipoe, giza lilitukaribia; taa za mbele zilikuwa dhaifu na nilikataa tuendeshe gizani, kwa hiyo tulilala Kaberebere kwa binamu yake Mukaka. Mzee hakufurahi. Alisema siku ya harusi aliifanya njia hii asubuhi moja tu. Mukaka akamjibu kwa Kinyankore, na binamu akanitafsiria huku akicheka: siku ya harusi hukuwa na mekanisie, ulikuwa na haraka.

Alfajiri, motere ikiwa baridi kabisa, nilifungua kifuniko cha juu nipime nafasi za valvu. Kuna vipande vyembamba vya chuma vya kupimia, unakiingiza kimoja pale juu ya valvu, kikipita kwa kujikwaruza kidogo ni sawa. Nilihitaji mtu wa kuzungusha hendeli na mtu wa kushika tochi. Mzee alizungusha. Mukaka alishika tochi, amekwisha kuvaa gomesi yake ya misa, gauni refu la zambarau lenye mshipi unaong'aa.

Silinda ya tatu kipimo hakikuingia. Kiti kilikuwa kimelika kweli, valvu imezama kidogo tangu Rugaaga, na nafasi ilikuwa imekwisha. Nililegeza, nikapima, nikakaza. Kikapita.

"Itafika?" Mzee aliuliza.

"Itafika. Lakini Baba, leo mwendo ni wangu. Ukikanyaga, nashuka na hendeli yangu."

Alicheka, ila aliona kwamba sifanyi mchezo. Mukaka alipozima tochi tuliona alama ya grisi kwenye gomesi, ndefu kama kidole, kifuani kabisa. Mimi nikashika kichwa. Yeye akaitazama, akavuta mshipi juu kidogo, haikufunika, akaingia kwenye gari.

Kizuizini

Kwa mwendo wangu, baiskeli zenye ndizi zilikuwa zinatupita kwenye miteremko. Saa tatu ilikuwa imepita na bado hatujaiona Mbarara. Ndipo tukakuta kizuizi cha polisi. Afande mmoja kijana, amenyooka kama rula, akainua mkono.

"Nyinyi natoka wapi?"

"Rugaaga," akasema Mzee.

"Kwa nini natembea kama kinyonga? Iko nini ndani?"

Mzee alikuwa anatafuta miwani ili atoe karatasi zake, kwa hiyo nikajibu mimi. Nilijua afande hatalijua neno plomb. Nikatafuta Kiswahili safi, kile cha darasani.

"Afande, hii gari ilizoea risasi."

Uso wake ukabadilika. "Ilizoea nini?"

"Risasi. Tangu zamani ilikuwa inakula risasi kila siku. Sasa risasi zimekosekana, njo maana tunaenda polepole."

"Toka nje. Wote. Mikono juu ya gari."

Tulishuka. Mukaka aliweka mikono juu ya gari akiwa na gomesi, mkoba, na rozari. Afande akafungua buti, akachomoa mkungu wa ndizi wa Peninah, akaangalia chini yake. Akafungua boksi langu, akakuta kile kichupa kisicho na karatasi.

"Na hii?"

"Hiyo ni dawa ya kuweka fasi ya risasi," nilisema, na nilisikia mwenyewe jinsi ilivyotoka.

Akarudi nyuma hatua mbili. Nilimgeukia Mzee anisaidie, lakini Mzee alikuwa ameinamia gari na mabega yanatikisika. Nilidhani ameshikwa na moyo. Alikuwa anacheka, hawezi kusema. Kila alipovuta pumzi atoe neno, neno likageuka kicheko.

Aliyetuokoa ni afande wa pili, mtu mzima, aliyekuwa amekaa kivulini akimaliza zamu yake. Alikuja taratibu, akazunguka gari zima, akagusa taa ya mbele.

"Wewe mama nasema risasi gani?"

"Ya ndani ya petroli, afande. Plomb. Madini."

Akafikiri. Kisha macho yakafunguka. "Petroli ya ledi! Zamani mimi naendesha lori ya polisi. Kwa pampu iko ya ledi na iko bila ledi!" Akamgeukia kijana, akamweleza kwa Kinyankore, na yule kijana akatazama ardhi, akamtazama Mukaka ambaye bado mikono yake ilikuwa juu ya gari, akaenda mwenyewe kumshika mkono na kumwomba msamaha. Mukaka akampa ndizi tatu mbivu.

"Sasa nakwenda wapi na nguo mzuri hivi?" akauliza yule mkubwa.

Mzee alikuwa amepata sauti. "Misa. Miaka hamsini mimi na huyu. Saa nne."

Afande akatazama saa yake. "Saa nne iko sasa."

Hakuna aliyecheka tena. Mukaka akashusha mikono, akaanza kupanga rozari kwenye mkoba, taratibu, kama mtu asiyetaka tumuone uso. Afande mkubwa akasema kwamba zamu yake imekwisha na pikipiki yake inaelekea mjini hivyohivyo. Akavaa kofia ngumu, akakaa mbele yetu, akawasha taa. Tuliingia Mbarara nyuma yake, kwa mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni, na yeye anawapungia mkono wenye bodaboda wakae pembeni. Watu walidhani anapita mkubwa wa serikali. Mukaka alijifuta macho, akashusha kioo, akaanza kuwapungia watu.

Kanisani

Komunyo ilikuwa imekwisha. Kwaya ilikuwa inaimba wimbo wa shukrani, na padri alikuwa amengoja kadiri alivyoweza. Tulizima motere mlangoni, na kukatika ghafla kwa mlio wake kulifanya vichwa vyote vigeuke. Waliingia wameshikana mikono, Mzee na kofia yake kwapani, Mukaka na alama ya grisi kifuani. Walipofika mbele, padri alisoma baraka, na aliposema maneno ya kushukuru kwa safari ya ndoa, Mzee akasema kwa sauti, "Na ya leo pia." Kanisa zima likacheka.

Mimi nilibaki nyuma, karibu na mlango. Denis alikuwa pale, simu mkononi. Alitoka nje, akazunguka gari, akatafuta kamba ya kuvutia. Hakuiona. Akaweka kiganja kwenye boneti, ikamchoma kama ilivyomchoma Peninah.

"Wewe ndiye fundi wa Juru?"

"Ndiye mimi."

"Watu wa vyuma nimewaambia wangoje kwa simu." Alipiga namba palepale, mbele yangu. "Haloo? Hapana, musikuje. Iko kanisani." Akasikiliza. "Nasema iko kanisani, imekuja kusali."

Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na hakuniachia mpaka mama yake alipotoka.

Karamuni nilikula eshabwe, ule mchuzi mweupe wa siagi ya ng'ombe, na nilipotosheka nilisema "hapana" kwa sauti kubwa kabisa. Mzee, meza ya mbele, akainua glasi yake.

Fundi wa viti

Jumatatu tulikwenda kwa fundi aliyeandaliwa na Mzee kwa simu. Tulikuta amevaa vizuri, ametandaza mezani ngozi za plastiki: nyekundu, kahawia, nyeusi, na moja yenye madoa ya chui.

"Karibuni. Viti ni vinne au mbele tu?"

Nilimtazama Mzee. Mzee alinitazama. Alikuwa amepiga simu akasema gari linahitaji viti vipya, na watu wakampa namba ya fundi wa viti bora kuliko wote Mbarara. Wa kukalia.

Yule bwana alikuwa muungwana. Tulipomweleza viti vya valvu, aliacha mkasi wake, akatupeleka mtaa wa pili kwa jirani yake mwenye mashine za kuchonga chuma, Fundi Kato. Mukaka hakuja na sisi. Alibaki pale anapapasa ile nyekundu.

Kato hazungumzi sana. Alifungua kichwa cha motere, akapitisha kidole kwenye kiti cha silinda ya tatu, akanipa na mimi nipitishe. Ukingo ulikuwa umelika kama sabuni. "Wiki moja," alisema. "Wiki moja tena, kwisha." Nilifurahi kwamba tumeyasikia hayo hapa na si mlimani.

Alichonga viti vya zamani akavitoa, na akaandaa pete za chuma kigumu. Ili ziingie na kukaza milele, pete lazima ziwe baridi sana na kichwa kiwe moto. Kato hakuwa na friza. Tulizipeleka kwa muuza soda wa jirani, zikalala usiku mzima kati ya chupa. Asubuhi mteja mmoja aliyeingiza mkono kutafuta soda akatoa pete ya valvu, akauliza hii ni ladha gani.

Kato alipasha moto kile chuma, akazidondosha pete moja baada ya nyingine, na kila moja iliingia kwa mlio mdogo, tik. Kusaga valvu zikae sawa aliniachia mimi. Nilisaga siku nzima, kijiti kati ya viganja, nikizungusha huku na huku kama tulivyowasha moto porini tulipokuwa tunakimbia. Jioni tukageuza kichwa, tukamimina petroli juu ya valvu, tukangoja. Hakuna hata tone lililopita. Kato akanitazama. "Wewe nalifunzwa na nani?"

"Na baba yangu. Uvira."

"Alikuwa fundi," akasema, na kwa Kato hayo ni hotuba.

Kurudi

Jumatano tulirudi, viti vyekundu, petroli ya kituo cha kawaida tu, kile kichupa nimemwachia Kato. Mlima wa Isingiro tuliupanda kwa upande wa pili bila kukohoa. Peninah alitusikia, akatoka mbio na jagi la bushera, nikanywa kikombe kimoja, nikasema hapana, tukakumbatiana.

Kwenye tambarare ya kuelekea Rugaaga, barabara ikiwa tupu, Mukaka aligonga bega la mumewe kutoka nyuma. Alisema jambo fupi. Mzee akasimamisha gari pembeni.

"Anasema nini?" nilimuuliza Mzee.

"Nasema yeye nataka kuendesha."

"Anajua?"

"Hapana! Miaka hamsini hajagusa." Akageuka, wakabishana kidogo. Mukaka alinyoosha kidole kuelekea miguu ya mumewe, akaonyesha pedali kwa mkono: hii, hii, halafu hii. Mzee akapangusa uso. "Nasema ameangalia miguu yangu miaka yote. Anajua kila kitu."

Wakabadilishana viti. Gari liliruka mara mbili kama mbuzi, likazima. Mukaka akaliwasha tena mwenyewe. Mara ya tatu liliondoka laini, gia ya kwanza, kisha ya pili, na nilisikiliza motere kwa sikio la kazi yangu: valvu zilikuwa zinafunga kavu na sawa, silinda zote nne. Mukaka alikaa wima, mikono yote miwili juu ya usukani, kidevu mbele. Ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wanavuka. Alipiga honi kabla hajafika, akawangoja wapite, akaondoka bila kuzima. Mzee, aliyekuwa amekaa nyuma kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa ameshika kiti chekundu kwa vidole kumi.

Tuliiona nyumba yao, migomba yao, majirani wamejaa langoni wanapiga makofi. Mukaka aliwapungia mkono mmoja, akaurudisha upesi kwenye usukani, akapita.

"Yudesi!" Mzee alipiga kelele. "Tumepita nyumbani!"

"Nimeona," akasema Mukaka, kwa Kiswahili, na akatafuta gia ya tatu.